Pinso za rangi ya maji: tatu nzuri zinapita kumi na mbili za ovyo

Rangi ya maji, yenye kwa Kifaransa inaitwa akwareli, ni njia ya kuchora yenye haiombe vitu mingi: karatasi, kisanduku kidogo cha rangi, kikombe cha maji na pinso. Kati ya vitu hivyo vyote, pinso ndiyo inadanganya watu zaidi. Karatasi mbaya inajionyesha palepale, inakunjamana na kupasuka. Pinso mbaya inakuja na kipini chenye kungaa, ndani ya pakiti ya kumi na mbili, kwa beyi ndogo. Mutoto ao kijana mwenye anaanza kujifunza anaitumikisha, rangi inamwangika, mustari unapotoka, na anafikiri kama ni mukono wake ndio hauwezi. Wengi wanaacha kuchora pale.

Hapa kwetu, kuanzia Bunia mpaka Kalemie, kuko wanafunzi wenye wako na kozi ya desen, na kuko vijana wenye wanatafuta feza kwa kuchora kadi za sikukuu na picha za ziwa za kuuzisha wageni. Duka zenye kuuza vifaa vya wachoraji ni kidogo. Vitu mingi vinatoka mbali, na ukishalipa, kurudisha ni vigumu. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kuchagua pinso kidogo zenye zitatumika kwa kweli, na namna ya kuzipima mbele feza itoke mufukoni.

Rangi ya maji na Congo

Watu wengine wanaona rangi ya maji ni kazi ya wazungu wazee wenye kuchora maua. Lakini katika historia ya uchoraji wa Congo kwenye karatasi, rangi ya maji iko mwanzoni kabisa. Katika mwaka wa 1926, kule Bukama, Katanga, mutumishi wa serikali ya kikoloni, Mubeljiki Georges Thiry, aliona nyumba zenye kuta zimechorwa picha. Alikutana na Albert Lubaki, mwenye alikuwa anachonga pembe za tembo, akamupatia karatasi na rangi za maji. Bibi yake, Antoinette Lubaki, alichora pia. Kule Kasai, Djilatendo, mwenye alikuwa fundi wa kushona nguo, alifanya kazi ya namna hiyo. Katika mwaka wa 1929 picha zilionyeshwa Bruxelles, na katika mwaka wa 2015 watu walizitazama tena Paris, katika maonyesho makubwa ya uchoraji wa Congo.

Ukiangalia picha za Lubaki, utaona watu, nyama na miti yenye kupakwa rangi tambarare, na mara mingi mupaka wa rangi unazunguka karatasi yote. Kazi ya namna ile haiombe pinso kumi na mbili. Inaomba pinso yenye inabeba rangi ya kutosha na yenye inaenda mahali mukono unaipeleka.

Kazi ya pinso ni kubeba maji

Fundi wa kupaka nyumba anatumia brosi ngumu kwa sababu rangi yake ni nzito, ni lazima aisukume. Rangi ya mafuta iko vilevile. Rangi ya maji ni kinyume: ni maji yenye iko na rangi kidogo ndani. Pinso haisukume kitu. Inachota maji, inaibeba mpaka kwenye karatasi, na inaiachilia pole pole. Ndiyo sababu pinso ya rangi ya maji inapimwa kwa mambo matatu.

La kwanza ni tumbo. Ni sehemu ya katikati ya manyoya, yenye inajaa maji. Pinso yenye tumbo muzuri inavuta mustari murefu mbele ya kukauka. Pinso yenye haina tumbo inakurudisha kwenye kikombe kila wakati, na kila mara unaporudi, rangi ya kwanza inakauka na kuacha alama.

La pili ni ncha. Pinso ya mviringo ikilowa, manyoya yake yote yanapaswa kukutana mahali pamoja, sawa ncha ya sindano. Kama ncha iko nzuri, hata pinso kubwa inaweza kuchora kamba ya mutumbwi.

La tatu ni kurudi. Ukikandamiza pinso kwenye karatasi kisha ukiinua, manyoya yanapaswa kunyooka yenyewe. Kama yanabaki yamelala, mukono hautakuwa na nguvu juu yake.

Mambo matatu hayo yakikutana, jani la mugomba linatoka kwa mupigo mumoja tu: unaanza na ncha, unakandamiza tumbo, unavuta, kisha unainua mpaka ncha inamaliza jani. Na pinso ya ovyo, jani lilelile linaomba mistari kumi, na bado halitafanana.

Manyoya: soma kile kimeandikwa kwenye kipini

Pinso mingi zenye zinafika kwetu ziko na maandishi ya Kifaransa, ya Kiingereza ao ya Kichina. Haya ndiyo mambo ya kujua.

« Martre » ao « kolinsky ». Ni manyoya ya mukia wa nyama mumoja mudogo, sawa kicheche, mwenye anaishi Siberia na inchi za jirani zenye baridi kali. Unywele wake ni munene katikati na unapunguka kuwa mwembamba kabisa kwenye ncha. Kwa sababu hiyo pinso inakuwa na tumbo, ncha na kurudi, vyote pamoja. Kampuni Winsor & Newton ya Uingereza ilianza kutengeneza pinso zake zenye kujulikana za Series 7 katika mwaka wa 1866, kwa agizo la Malkia Victoria. Kule Ufaransa, Raphaël inatengeneza zenye wachoraji wanajua kwa numero 8404. Pinso hizi ni nzuri kabisa, lakini moja ya kadiri inaweza kupita dola 50, na zile kubwa zinapita dola 100. Mutu mwenye anaanza hana lazima nazo.

« Petit-gris ». Ni manyoya ya kindi. Yanalowa sana na kubeba maji mingi, lakini hayarudi. Yanafaa kwa kupaka mawingu na maji ya ziwa, si kwa mistari.

Manyoya ya mbuzi. Yanapatikana sana kwenye pinso za Kichina zenye kipini cha mwanzi. Yanabeba maji mingi na beyi yake ni ndogo. Yanalegea pia, kwa hiyo inaomba mukono wenye kuzoea.

« Poney » na « chameau ». Pinso zenye kuitwa za ngamia hazina manyoya ya ngamia. Ni jina la biashara tu. Ndani kuko manyoya ya nyama mbalimbali, yale ya beyi ndogo. Pinso mingi za watoto wa masomo ziko za namna hii, na ncha yake haikusanyike.

« Soies de porc ». Ni manyoya ya nguruwe, magumu, ya rangi ya mafuta. Kwa rangi ya maji yanakwaruza karatasi. Ndugu Waislamu wa Maniema na kwingine, wenye hawapendi kushika kitu cha nguruwe, wanaweza kutafuta neno hilo kwenye kipini mbele ya kununua.

« Synthétique » ao « nylon ». Ni nyuzi zenye kutengenezwa katika kiwanda. Zamani wachoraji walizizarau. Leo kampuni kubwa kama Raphaël, da Vinci na Escoda zinatengeneza zenye zinaiga kicheche na kindi, na wachoraji wa kazi wanazitumia bila haya. Zinarudi vizuri, hazikatike haraka, na wadudu hawazikule. Ubaya wake: zinabeba maji kidogo kuliko manyoya ya nyama, zinaiachilia kwa haraka, na kisha miezi ya kazi ncha inaweza kujikunja sawa ndoana. Kwa mutu wa hapa kwetu mwenye anaanza, pinso nzuri ya namna hii ndiyo chaguo la akili.

Numero haiko sawa mahali pote

Pinso za mviringo zinapewa numero. Kadiri numero inapanda, kadiri pinso inakuwa kubwa. Lakini hakuna sheria moja kwa kampuni zote: numero 8 ya kampuni moja inaweza kuwa ndogo kuliko numero 8 ya ingine. Ukimutuma mutu akununulie Kampala ao Kigali, usimwambie numero peke yake. Mupatie pia upana wa manyoya pale yanapotoka kwenye chuma. Pinso ya kadiri, yenye mara mingi inaitwa numero 8, iko na karibu milimita 5. Pinso bapa ni rahisi zaidi: mara mingi zinapimwa kwa upana wao, kwa milimita ao kwa puse.

Tatu zenye zinatosha

Kwa mutu mwenye anachora kwenye karatasi za ukubwa wa A4 ao chini yake, pinso tatu zinafanya karibu kazi yote.

Ya kwanza ni ya mviringo, numero 8 ao 10. Hii ndiyo mama wa kazi. Miti, nyumba, uso wa mutu, nguo, majani: vyote vinatoka kwayo. Kama uko na feza ya pinso moja tu, nunua hii, na uweke feza yote pale.

Ya pili ni bapa, ya milimita 20 mpaka 25. Ni ya kulowanisha karatasi na kupaka mahali pakubwa: mbingu, maji ya Kivu, miteremko ya vilima. Ukijaribu kupaka mbingu na pinso ndogo, utaacha mistari mistari, kwa sababu upande mumoja unakauka wakati ungali unapaka mwingine. Ukitumia ubavu wake mwembamba, pinso hiyohiyo inachora kuta na mabati kwa mustari wenye kunyooka.

Ya tatu ni ya mviringo, numero 4. Ni ya mambo madogo: macho, vidole, herufi za kadi, fito ndefu za mitumbwi mitatu yenye wavuvi wa sambaza wanafunga pamoja.

Watu wengi wanakimbilia pinso ndogo kabisa, zenye numero 0 ao 000, wakifikiri kitu kidogo kinaomba pinso kidogo. Pinso hizo zinabeba tone moja tu la maji, na linakauka mbele mustari umalizike. Numero 4 yenye ncha nzuri inachora mustari mwembamba vilevile, na inauvuta mara tano kwa urefu.

Juu ya hizo tatu, ongeza pinso moja ya zamani ao ya ovyo, si ya kuchora, ni ya kuchanganya rangi na kusugua visanduku vya rangi ngumu. Kazi hiyo ndiyo inaua ncha. Acha pinso ya ovyo ife kwa ajili ya ile nzuri.

Namna ya kuipima mbele ya kulipa

Pinso mupya karibu zote zinapakwa gundi kidogo kwenye kiwanda ili ncha isiharibike njiani. Kwa hiyo ncha yenye unaona dukani, ingali kavu na ngumu, haishuhudie kitu. Inabidi maji.

Omba muuzaji, kwa heshima, kikombe kidogo cha maji. Lowanisha manyoya na uyasuguesugue pole pole na vidole ndani ya maji mpaka gundi itoke. Kisha fanya hivi:

1. Toa pinso kwenye maji na uikung'ute mara moja kwa nguvu. Manyoya yanapaswa kukutana yenyewe kwenye ncha moja. Kama yanagawanyika kuwa ncha mbili ao tatu, irudishe.

2. Kandamiza ncha kwenye kiganja cha mukono kisha uinue. Ikibaki imelala kabisa, haina kurudi.

3. Ijaze maji tena na uvute mustari kwenye kipande cha karatasi ao cha katoni. Angalia inaenda wapi mbele ya kukauka. Ukilinganisha pinso mbili za ukubwa mumoja, tofauti itaonekana wazi.

4. Shika chuma na mukono mumoja, kipini na mwingine, uzungushe kidogo. Kama chuma kinacheza, maji itaingia ndani, mbao itavimba kisha kukauka, na kichwa kitatoka.

5. Angalia chuma chenyewe. Kikiwa na mushono wenye kufunguka, kutu itaanza pale, na kutu inachafua rangi.

6. Vuta manyoya pole pole. Unywele mumoja ao mbili kutoka ni kawaida kwa pinso mupya. Ikiendelea kutoka, iache.

Kama muzazi amekataza maji dukani kwa sababu pinso zinaharibika, hilo si ajabu, na muuzaji pia ana haki yake. Pima basi jambo la 4 na la 5, na ununue moja tu, si pakiti. Ukiipima nyumbani na ikiwa nzuri, rudia kwa muuzaji yule.

Kama hakuna duka ya wachoraji

Katika kenkayeri za miji yetu kuko brosi za kupaka mbao, za puse moja. Chagua yenye nyuzi laini zaidi, ioshe na sabuni, na itakutumikia kupaka mbingu na kulowanisha karatasi. Haiwezi kufanya kazi ya ncha, lakini inaokoa feza ya pinso bapa.

Pinso za kujipamba uso, zile laini za sokoni, zinaweza kusaidia vilevile kwa mahali pakubwa, zikiwa mupya. Yenye imekwisha kutumika iko na mafuta, na mafuta inakataza maji kushika karatasi.

Mutu anaweza pia kujitengenezea pinso na manyoya ya mbuzi. Kata manyoya karibu na ngozi, yaoshe na sabuni na uyakaushe. Siri iko hapa: ncha ya unywele haikatwe hata siku moja. Ncha ya asili ndiyo inafanya ncha ya pinso. Ingiza manyoya ndani ya kifuniko cha biki, ncha zikiangalia chini, na ugongegonge pole pole mpaka zote zinajipanga. Kisha yatoe, funga upande wa mizizi na uzi kwa nguvu, kata upande huo wa mizizi tu ili ulingane, utie gundi yenye haiyeyuke kwa maji, na uingize ndani ya kipande cha mwanzi. Haitafikia ile ya kiwanda, lakini itabeba maji, na kwa watoto kumi wa kikundi cha kuchora, ni mwanzo wa kweli.

Kuitunza ndiyo kuinunua mara moja

Pinso nzuri inaweza kuishi miaka mingi. Mara mingi inakufa kwa sababu ya mambo madogo.

Usiiache imesimama ndani ya kikombe, kichwa chini. Saa moja inatosha kupindisha ncha, na maji inapanda ndani ya kipini. Ilaze kando.

Ukimaliza kazi, ioshe kwa maji baridi mpaka maji inatoka safi. Mara moja moja tumia sabuni ya kawaida ya kipande, isiyo kali. Tengeneza ncha na vidole, si na meno wala midomo. Wachoraji wa zamani walikuwa na desturi ya kuramba pinso, na hiyo ni hatari: rangi zingine ziko na kadmiamu ao kobalti ndani, na hizo ni sumu. Wazazi na walimu waangalie watoto kwa jambo hili.

Ikaushe imelala, si imesimama na manyoya juu, ili maji isishuke ndani ya chuma. Katika miezi ya mvua, usiifungie ndani ya kopo ao plastiki ingali na maji, itaota ukungu. Ikikauka kabisa, ihifazi mahali wadudu hawafiki, zaidi sana kama ni ya manyoya ya nyama. Kwa wakaaji wa Goma, vumbi ya volkano ni adui mwingine: ikiingia kati ya manyoya inayakata sawa musasa. Ifunike na kitambaa.

Tena, pinso ya rangi ya maji isiguse rangi ya akriliki wala ya mafuta. Akriliki ikikauka kwenye mizizi ya manyoya, karibu na chuma, haitoke tena, na pinso inabaki wazi sawa fagio.

Kwa mwenye mufuko mudogo

Tuseme mutu yuko na feza kidogo mwezi huu. Anunue pinso moja ya mviringo, numero 8, ya « synthétique », yenye imepita mapimo ya maji. Brosi ya kenkayeri itafanya kazi ya mbingu. Mwezi mwingine, ao kisha kuuzisha kadi za kwanza, aongeze numero 4. Pinso bapa ya wachoraji ije nyuma. Kama siku moja ndugu anatoka Ulaya na kuuliza alete nini, pale ndipo mutu anaweza kutaja kolinsky, maana kisha mwaka wa kuchora atakuwa anajua mukono wake unaomba pinso ya namna gani.

Masomo yenye iko na kozi ya desen inaweza kufuata njia ileile: mahali pa kuomba kila muzazi anunue pakiti, feza ikusanywe, inunue pinso kidogo nzuri, zipewe numero, zioshwe mbele ya mwalimu kila kipindi kinapoisha, na zibaki ndani ya kabati ya kalasi.